Bahasha Isiyoandikika: kisa cha kanisa moja la Malindi na mabati ya mgombea

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, waweka hazina na wachungaji wanaoingia msimu wa siasa wakiwa na jengo lisilo na paa. Jina la kanisa, dhehebu, wadi, miezi na kiasi halisi cha fedha nimeviondoa au kuvibadili. Wahusika wakuu walisoma rasimu na kukubali itumike kufundishia. Mimi mwenyewe niliitwa katikati ya mambo kama msuluhishi, na kosa moja kati ya yaliyomo humu ni langu.

Usuli

Kanisa lina washirika wapatao 130, upande wa ndani wa mji wa Malindi, kule nyumba za udongo zinakopakana na za matofali na mikorosho bado imesimama katikati ya viwanja. Wengi ni Wagiriama. Wachache wametoka bara kufuata kazi za hoteli, na hoteli zikifunga msimu wa mvua hao huendesha tuktuk au huuza mitumba. Kuta za jengo zilikuwa zimesimama miaka 3 bila paa. Ibada ilifanyika ndani ya kuta hizo chini ya turubai, na masika yakianza, nusu ya washirika walibaki nyumbani.

Walikuwa na viti 60 vya plastiki, vyeupe. Mgongoni mwa kila kiti kulikuwa na jina la mwanasiasa aliyevileta wakati wa kampeni za 2022, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona jambo. Ukikaa safu ya nyuma, wimbo wa kwanza hadi baraka ya mwisho unalisoma jina hilo mara sitini.

Mweka hazina, nitakayemwita Mama N., ni mama karanga: hununua samaki ufuoni alfajiri, huwakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Elimu yake ni ya darasa la saba. Alichaguliwa kwa sababu ya daftari lake. Ana daftari la jalada gumu ambalo kila shilingi ya kanisa imo, hata sarafu ya shilingi tano iliyookotwa chini ya turubai baada ya ibada. Mchungaji M. hana mshahara, analima na usiku ni mlinzi. Mzee K., mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ni fundi seremala aliyezijua kuta hizo tangu jiwe la kwanza, na mwanawe ana cheti cha chuo na hana kazi.

Jambo la mwisho la usuli ndilo zito kuliko yote. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliokuwa wamefunga kula hadi kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Ilipita 400. Ilihifadhiwa hapa Malindi, na familia zilipanga foleni kutoa sampuli ili watu wao watambuliwe. Mafundisho yaliyowapeleka msituni yalianza kwa jambo linalofanana na uaminifu: kwamba shule, hospitali na kitambulisho cha serikali ni vitu vya ufalme mwingine, na Mkristo wa kweli hujitenga navyo. Tangu hapo, ule mstari wa Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," hausikiki Malindi kama unavyosikika Nyeri au Kakamega. Hapa mtu akiutamka, kuna anayekumbuka kaburi.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa imebaki kama miaka miwili kufika uchaguzi wa Agosti 2027. Jioni moja mpambe wa mtu anayetafuta kiti cha uwakilishi wadi alifika penye karai la Mama N. Alikuwa kijana wa hapo hapo, alimwamkia shikamoo, akanunua samaki wa mia mbili, kisha akaweka bahasha juu ya meza, kando ya chupa ya ndimu na pilipili. Mheshimiwa, alisema, ameguswa na hali ya kanisa. Yuko tayari kuleta mabati 150 ya geji 28 pamoja na mbao zake. Anaomba Jumapili moja tu, dakika 15 mimbarini, na mchungaji amwekee mikono na kumwombea. Na bahasha hiyo ni ya Mama mwenyewe.

Mama N. alifuta mafuta mikononi kwa leso, akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua kalamu.

"Niandike imetoka kwa nani, na ni ya nini?"

"Hapana, Mama, hii si ya kuandika. Ni nauli yako tu."

"Nauli ya kwenda wapi?"

Kijana akacheka kidogo, akatazama barabarani. Mama N. alikuwa bado ameshika kalamu. "Mwanangu," alimwambia, "nisichoweza kukiandika siwezi kukipokea. Chukua. Na huyu kibua mmoja ni wako, si wa mheshimiwa. Ule njiani." Akamfungia kwenye gazeti pamoja na wale aliowanunua.

Usiku huo huo alimpigia simu mchungaji, akamweleza yote mawili: bahasha na mabati. Kamati ya watu tisa ilikutana Jumamosi.

Mazungumzo ya kamati nimesimuliwa na watu wanne, na wote wanakubaliana kwamba Mzee K. ndiye aliyezungumza vizuri kuliko wote. Alifungua Ezra sura ya kwanza. Koreshi mfalme wa Uajemi, alisema, hakuwa Myahudi, hakumjua Bwana, na bado Mungu alimwamsha roho atoe ruhusa na vyombo vya kuijenga nyumba. Sisi ni nani tuchague mkono ambao Mungu atautumia? Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake la haraka: geji 28 hapa pwani hudumu, na sisi kwa sadaka zetu tutanunua geji 30, nyembamba zaidi, ambayo hewa ya chumvi itaitoboa kabla mjukuu wangu hajamaliza shule.

Mwalimu mmoja kijana alileta sheria. Alieleza kwamba Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamwondolea mtu sifa ya kugombea akishiriki harambee ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Lakini miezi hiyo ilikuwa bado mbali, kwa hiyo kipengele hicho hakikuwazuia. Wengine wakakumbusha kwamba Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwafungia wanasiasa mimbari za kanisa lake, na kwamba Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais mwenyewe uliotolewa parokia ya Soweto. Mzee K. akajibu kwamba hao wana mapaa.

Walipiga kura. Watano walikataa, wanne walikubali. Wakaafikiana kwamba Jumapili ya pili yake mwenyekiti na mweka hazina wataeleza washirika wote sababu za pande zote mbili.

Jumapili hiyo haikufika kwa utaratibu huo. Siku iliyofuata kura, Mchungaji M. alisimama kuhubiri, na katikati ya mahubiri akaiacha Biblia yake wazi na kusema kwamba usiku Bwana amesema naye, mabati yale ni ya Babeli, na yeyote atakayeyataka hampingi mchungaji, anampinga Mungu. Kamati ilikuwa imekataa tayari. Hakuwa na haja ya kusema hivyo. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kura moja ile ya tofauti ingegeuka katikati ya wiki.

Palikuwa kimya. Kisha bibi mmoja wa safu ya pili, aliyepoteza watu wake Shakahola, akainuka akishika kiti cha mbele yake. Alisema kwa Kigiriama, kwa sauti ya kawaida, kwamba maneno hayo ameyasikia, na yule mhubiri wa Shakahola naye alianza hivyo hivyo. Akachukua bakora yake akatoka. Watu kama ishirini walimfuata.

Kufika Jumanne, maneno yalikuwa mtaani kwamba kanisa lile linakataa serikali, ni Shakahola nyingine. Chifu aliuliza cheti cha usajili. Mama N. alikipeleka pamoja na daftari, akaketi ofisini mpaka chifu alipomaliza kusoma kurasa za miezi 6 ya nyuma. Hakuna aliyemuuliza lolote tena.

Hapo ndipo nilipoitwa, na hapo ndipo nilipokosea. Niliona hatari ni ule uvumi, nikashauri tamko fupi lisomwe kanisani Jumapili. Mtu alilirekodi kwa simu. Kufikia jioni sehemu ya sekunde kumi ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp: "hatupokei fedha za mwanasiasa huyo." Mgombea aliichukua kama tusi la hadharani. Wapambe wa mpinzani wake waliipokea kama uungaji mkono, wakaja kushukuru wakiwa na mchele.

Maamuzi, na sababu zake

Baada ya hapo nilishauri tuache kuzungumza na mtaa, tuzungumze na washirika. Mkutano wa wote uliitishwa Jumamosi alasiri chini ya mkorosho, nje ya kuta, ili hata waliotoka waje bila kuona kwamba wamerudi ibadani. Bibi alikuja. Mchungaji alianza kwa kusema, "Niliyoyaona usiku ni yangu. Kura ilikuwa yenu. Nilimtia Mungu mbele ili msiniulize." Kisha akaketi, na kikao kizima hakusema tena mpaka alipoulizwa.

Sababu za kukataa mabati zilijadiliwa upya tangu mwanzo. Mzee K. alirudia hoja ya Koreshi. Safari hii ilijibiwa na mama mmoja muuza mboga, kutoka kitabu hicho hicho: sura ya nne, majirani walipoomba kushiriki kujenga, Zerubabeli alikataa, ingawa amri ya Koreshi aliipokea. Tofauti ni nini? Wakaijadili karibu saa nzima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa bora katika kisa hiki. Walichofikia ni kwamba Koreshi hakuomba chochote ndani ya nyumba ile. Hakuomba kusimama madhabahuni. Mtu mwingine akaleta Mwanzo 14, ambapo Abramu, katika siku moja, anapokea mkate na divai kwa Melkizedeki na kukataa hata uzi au gidamu ya kiatu kutoka kwa mfalme wa Sodoma, asije yule akasema yeye ndiye aliyemtajirisha. Swali basi halikuwa kama mtoaji ni mwema au mwovu. Lilikuwa: kesho nani atasema paa hili ni lake?

Ndipo kijana mmoja wa kwaya akauliza juu ya viti.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kama tumekataa mabati ya huyu, alisema, basi yule wa 2022 tumemkalia kila Jumapili. Tunamwambia huyu mimbari haiuzwi wakati viti tuliuza zamani. Wengine walitaka vichomwe, wengine virudishwe. Mama N. alisema vilipokelewa kwa nia ya shukrani na bila sharti, daftari linaonyesha, na kuvirudisha leo ni kumtukana mtu kwa kosa ambalo ni letu. Ila jina lifutwe. Hilo likapita bila kura.

Maamuzi mengine yalikuwa haya. Mwanasiasa yeyote anakaribishwa ibadani, atakaa popote penye nafasi, atasalimiwa kama mgeni mwingine na hatapewa mimbari. Akitaka kutoa, kikapu kinapita kwake kama kinavyopita kwa wengine, wala kiasi hakitatangazwa. Wagombea wote wa wadi wataalikwa siku moja ya kazi, uwanjani, kujibu maswali ya maji, zahanati na basari, na majirani Waislamu wataalikwa kuuliza pia, kwani bomba likikauka linakauka kwa wote. Na mwisho, neno lolote ambalo mtu atasema amepewa na Mungu kwa ajili ya kanisa litasikizwa, litapimwa, na hakuna atakayelitumia kufunga mjadala. Waliandika kando yake 1 Wathesalonike 5:21: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.

Matokeo

Familia sita zilihama. Nne zilikwenda kanisa lingine ambalo, nasikia, lilipata paa. Mzee K. aliacha kuja. Mwanawe, aliyekuwa ameahidiwa na kambi ile kibarua katika ofisi ya umma, hakukipata. Hilo kamati haikulijua wakati wa kupiga kura, na yeye hakulisema. Alijadili Koreshi, akaficha mwanawe.

Masika yalikuja. Walikuwa wamenunua mabati 38 tu, yakaezekwa upande wa mimbari. Upande mwingine wakatandika makuti. Fundi Mwislamu wa jirani aliwakopesha boriti na kusema watalipa kadiri wavunavyo. Jumapili tatu ibada ilisimama katikati kwa sababu ya mvua.

Mkutano wa wagombea ulifanyika. Watatu walikuja kati ya watano walioalikwa. Yule wa mabati alituma mwakilishi. Mwakilishi aliulizwa juu ya mtambo wa maji uliokwama akajibu vizuri kuliko wawili wa wale watatu, na hilo nalo liliandikwa katika kumbukumbu kama lilivyokuwa.

Viti vilipigwa msasa na vijana siku nzima. Rangi nyekundu ilitoka. Lakini plastiki iliyokuwa chini ya rangi haikuchujuka na jua kama sehemu nyingine, kwa hiyo ukitazama kwa karibu, jina bado linasomeka, jeupe juu ya weupe.

Uchambuzi

*Kalamu ya Mama N.*

Nimefundisha wazee wa kanisa miaka mingi, na mara nyingi tunapozungumza juu ya uaminifu kwa utawala wa Mungu katika siasa tunataja mashujaa. Tunataja miaka ya 1980, makanisa yalipopinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea. Tunamtaja Askofu Alexander Muge, aliyekufa barabarani Agosti 1990 siku chache baada ya waziri kumwonya asikanyage Busia. Ni haki kuwakumbuka. Lakini vijana wanajifunza kutoka hapo kwamba saa ya uaminifu itakuja na mbiu, na mtu ataitambua. Kwa Mama N. ilikuja na shikamoo, kando ya chupa ya pilipili, mikono ikiwa na mafuta. Hakuwa na nafasi ya kufunga na kuomba. Alikuwa na mazoea ya kuandika.

Danieli sura ya sita inasema wakuu walimtafutia hatia katika mambo ya ufalme wasiione, ndipo wakamtegea katika sala zake. Mahubiri mengi hukimbilia simba. Mimi nawasihi wazee wakae kwanza kwenye hizo hesabu zisizo na doa, kwa maana bila hizo hata shimo la simba lisingekuwa ushuhuda. Lingekuwa adhabu ya mwizi. Daftari lililomaliza mashaka ya chifu ni lile lile lililoikataa bahasha. Samweli alipoacha uongozi hakusimulia maono yake. Aliuliza mbele ya watu ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, na kwa mkono wa nani alipokea rushwa.

Kipimo cha Mama N. kilimrudia pia yeye mwenyewe. Wiki chache baadaye aliniambia kwamba kila alfajiri ufuoni alikuwa akimpa mkusanyaji wa ushuru shilingi 50 bila risiti, kwa sababu ada yenye risiti ilikuwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza. Alianza kudai risiti. Alipoteza muda, akachukiwa na wenzake wawili watatu waliosema anawaharibia. Ukitaka kuona utawala wa Mungu na siasa zinakutana wapi katika wadi hii, nenda ufuoni saa kumi na mbili asubuhi.

*Mchungaji alikuwa sahihi, na alikosea vibaya*

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae. Uamuzi wa kukataa ulikuwa mzuri. Njia aliyoulinda nayo ilikuwa mbaya kuliko mabati. Mgombea alitaka dakika 15 za mimbari. Mchungaji alichukua mimbari yote, akachukua na Mungu. Mtu anaposema "anayenipinga anampinga Mungu," amejitawaza, hata kama alilolisema ni kweli. Bibi yule hakuwa akitetea wanasiasa. Alitambua umbo la sentensi.

Yohana 18:36, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu," umetumiwa vibaya na pande mbili. Waliowapeleka watu msituni waliusoma kama amri ya kuikimbia shule na hospitali. Wanasiasa huusoma kama amri ya kunyamaza: dini na siasa hazichanganyiki, isipokuwa Jumapili ya harambee. Lakini Yesu alikuwa akimweleza Pilato ufalme wake unatoka wapi, na akaongeza ishara yake: watumishi wake hawapigani. Haukutoka kwa Kaisari, kwa hiyo Kaisari hawezi kuununua wala kuufuta. Na kwa kuwa hauji kwa upanga, hauwezi kulindwa kwa vitisho, hata vitisho vya kiroho. Anayeamini hivyo atapanga foleni ya kitambulisho, atalipa ushuru kama Warumi 13 inavyosema, atamchanja mtoto, atapiga kura, ataitakia mema Malindi kama Yeremia 29 inavyowaambia waliohamishwa kuutakia amani mji wa Babeli. Na siku serikali au mgombea akiomba kile ambacho ni cha Mungu peke yake, atakataa kwa sauti ya kawaida.

Kilichookoa kanisa hili ni ile sentensi ya mchungaji chini ya mkorosho. Sijasikia wachungaji wengi wakisema "nilimtia Mungu mbele ili msiniulize." Ilimgharimu heshima kwa baadhi, hasa wanaume watu wazima waliodhani mchungaji haombi radhi. Lakini bibi alirudi, na akakaa safu ile ile ya pili.

*Tamko*

Kosa langu lilikuwa kutibu uvumi kabla ya jeraha. Washirika walikuwa hawajaelewana wao kwa wao, nami nikawapa karatasi ya kuwasomea wengine. Tena tamko lilimtaja mgombea mmoja, hata kama si kwa jina, wakati tatizo lilikuwa utaratibu wetu sote tangu 2022. Kama ningeuliza swali la viti mwanzoni, tamko lisingeandikwa, au lingeanza na toba. Wale waliokuja na mchele walikuwa wameelewa vizuri kabisa tulichokuwa tumesema bila kukusudia. Mama N. aliwarudishia mchele wao, na hilo nalo lipo daftarini, kilo kwa kilo.

*Aliyelipa gharama*

Ni rahisi kwangu, nisiye na mwana asiye na kazi, kusifu kura ile ya watano kwa wanne. Gharama yake haikugawanywa sawa. Ilimwangukia Mzee K., na kanisa halikumfuata. Walimwona kama mtu wa upande wa mabati, walioshindwa. Kwa miezi mitano hakuna mzee hata mmoja aliyekwenda kwake. Kama utawala wa Mungu ni wa kweli katika mambo ya fedha, basi ungepaswa kuonekana siku ile ile ya kura, kwa mtu kumuuliza faraghani: wewe, hili linakugusa wapi? Kamati iliyojua Zerubabeli sura na mstari haikujua kwamba mwenyekiti wake analia nyumbani. Nawashauri wanaotumia kisa hiki waanze mafunzo na swali hilo kabla ya kufungua Ezra.

Nilikwenda na Mama N. nyumbani kwa Mzee K., jioni, tukiwa na vibua sita vya kukaanga. Mzee K. alitukaribisha uani, mkewe akaleta chai. Mama N. hakuzungumzia kura. Alimwomba radhi kwa kutokuja. Mzee aliinama, akamtoa mwiba samaki kwa muda mrefu bila kula. Alizungumza juu ya mwanawe, kwamba sasa anaendesha bodaboda ya mtu, na kwamba hamlaumu mtu.

Hakusema kama atarudi. Tulipokuwa tunaaga aliuliza makuti yale upande wa pili yameshikiliwa na mbao za upana gani, na kama aliyezipigilia alitumia misumari ya inchi nne au ya tatu.